Godoro la memori fomu kwa mama wa miaka 74, na joto hili la Tanga: ninunue au niache?

CherehaniNgamiani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 74, nakaa naye Ngamiani. Magoti yamechoka na nyonga ya kulia inamsumbua. Ujana wake aliumaliza kwenye korona akianika singa, nyuzi za mkonge (korona ni kiwanda cha kuchakata mkonge, wageni msije mkashtuka). Analalia godoro la sufi ambalo mimi nimezaliwa nimelikuta. Sufi imeshikana mabonge, katikati pana bonde lenye umbo lake, na akishaingia humo kugeuka ni shughuli. Alfajiri nikimsikia anavuta uradi akiwa bado kitandani, hajaenda kutawadha, najua leo nyonga imekamata.

Kaka yangu yuko Muscat. Alipiga simu siku ya Idi, akamsikia mama anaguna wakati wa kukaa, akakata shauri papo hapo: linunuliwe godoro la memori fomu, sponji inayojifinya kwa umbo la mwili, "lile NASA walilowatengenezea watu wa mwezini", inchi 12, hataki mjadala. Katuma laki nane. Mama kuelezwa kuwa memori ni kumbukumbu akauliza, "Godoro linakumbuka? Linakumbuka nini, na mimi mwenye nyumba sikumbuki miwani nimeiweka wapi?" Tangu siku hiyo analiita godoro la kumbukumbu, na majirani wamelidaka jina.

Nimeshapita maduka matatu. La kwanza kijana kalipiga godoro ngumi, likabonyea na kuruka palepale, akaniambia "memori hiyo bosi". La pili lina kiyoyozi, godoro lao nilipoweka mkono ulizama taratibu ukaacha alama, lakini bei inaimeza laki nane yote na bajaji bado. La tatu limekunjwa kama mkeka ndani ya boksi na hulifungui mpaka ulipe.

Sasa naomba mnisaidie. Chumba cha mama ni cha bati, hakina dari. Januari na Februari feni inazungusha joto tu. Hilo godoro si litampika? Na nitaijuaje memori ya kweli? Halafu inchi 12 za kaka ni za nini hasa? Kitanda ni samadari la mninga la marehemu baba, futi 5 kwa 6, chaga ziko inchi 14 kutoka sakafuni, na mama ni mfupi.

Hela ni ya watu na mwenyewe anasubiri picha.

BahariaMstaafu

Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yako mwezini hakuna aliyelalia godoro hilo. Sponji yenyewe alibuni Charles Yost mwaka 1966, akifanya kazi ya NASA katika kituo cha Ames kule California, na shabaha ilikuwa viti vya ndege: aliyekaa awe salama zaidi na asichoke. Kuwa godoro la dukani ni mambo ya baadaye sana, Waswidi ndio waliolitoa, 1991.

Mimi nimelilalia wiki mbili ugenini, kwenye baridi. Raha. Nikalilalia tena Mombasa mwezi wa pili, nikaamka shuka limelowa kama nimetoka kuogelea Raskazone. Nina kilo 96 lakini, mama yako huenda hafiki hapo.

NiliuzaMagodoro

Nimeuza magodoro miaka sita, sasa nauza vipuri vya baiskeli, kwa hiyo siogopi kunyimwa mkate.

Huyo mpiga ngumi kakuuzia maneno. Inayoruka ni sponji ya kawaida. Memori fomu ni nzito wa tabia: kandamiza kiganja, hesabu mpaka kumi, toa, alama inabaki na kujaa polepole. Ila usiishie hapo. Kuna godoro lina inchi moja ya memori juu kwa ajili ya kiganja chako, chini yake sponji nyepesi kama boflo. Likiwa na zipu, fungua uone matabaka kwa macho. Likiwa halina zipu, tafuta mzani.

Sponji hupimwa kwa uzito wake katika meta moja ya ujazo. Memori ya kuaminika huanzia kilo 50 hivi kwenda juu. Sponji ya chini, ile inayobeba mtu, isipungue kama 28. Za bei chee ni 15 mpaka 20, na hizo ndizo zinazofanya shimo kabla mwaka haujaisha. Sasa piga hesabu. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, ujazo wake ni kama meta 0.57. Likiwa sponji ya 20 tupu litakuwa na kilo 11 na ushee, mtoto wa darasa la sita analijitwika. Likiwa na inchi 3 za memori ya 50 juu ya inchi 5 za sponji ya 28, linagonga kilo 20. Karibu mara mbili! Lipeleke kwenye mzani wowote wa duka la nafaka. Muuzaji akianza kusema "mzani wa nini tena mzee", umeshapata jibu na hujatoa hata senti.

Kuhusu joto: memori inalainika kwa joto na kukaza kwa baridi, ndiyo kazi yake, inayeyukia mwili wako. Kwa hiyo hilo la duka la kiyoyozi, lililokupokea vizuri dukani, likifika chini ya bati lako litakuwa laini kuliko ulivyolijua. Chagua linaloonekana gumu kidogo palepale dukani. Na tabaka la memori lisizidi inchi 2 au 3, kwa sababu kadiri anavyozama ndivyo sponji inavyomfunga na upepo haupiti. Ile rangi ya buluu wanayoiita jeli inapoza unapojilaza. Ikishapata joto lako, yamekwisha.

Inchi 12 kaka yako anazipenda kwa sababu zinapiga picha vizuri.

BintiWaLushoto

Nacheka kwa sababu kwetu Lushoto, milimani kwenye baridi, ni kinyume. Babu aliletewa la namna hiyo mwezi wa saba. Usiku wa kwanza kalipanda, kakaa, kaligonga kwa kifundo cha kidole, akaita: "Nani kaniletea mlango?" Kweli lilikuwa ubao. Linamsubiri kwanza alipashe moto robo saa ndiyo limpokee. Akasema godoro lina kiburi, mpaka ulibembeleze. Sasa bibi anatanguliza chupa ya maji moto katikati ya shuka, na babu hataki tena kusikia godoro jingine.

Kwa hiyo dada wa Lushoto anasema chukua, lakini dada wa Lushoto hana joto lenu.

FundiSamadari

Hayo ya sponji mmalizane wenyewe. Mimi naulizia kitanda.

Chaga inchi 14, juu yake godoro la inchi 12, jumla 26. Mama mfupi atakaa pembeni miguu inaning'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Usiku anataka kwenda haja ndogo, anatelezea gizani, hapo ndipo nyonga inapovunjika. Fanya hivi: mkalishe kwenye kiti kigumu akiwa na ndara zake, pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti. Kitanda akikikalia, godoro likishanywea, kiwe kimo hicho au kizidi inchi moja hivi. Mwenye nyonga mbovu anafaidika kikiwa juu kidogo, asikunje sana. Kikiwa chini ya goti, kuinuka ni mateso.

Na chaga: nafasi kati yake isizidi inchi 3, la sivyo sponji inazama kwenye mapengo. Usije ukafunga plaiwudi nzima bila matundu. Pwani hii unyevu ukikosa pa kutokea, chini ya godoro panaota ukungu. Na usilitandike juu ya kitanda cha kamba hata kama bi mkubwa anakipenda, kamba ikilegea godoro linageuka pembea.

NesiMstaafu

Mwanangu, Mungu akulipe kwa kumhangaikia mama. Nimesoma yote, naona mnachagua godoro la kulalia. Mimi nimekaa na wazee wodini miaka mingi, nakwambia chagua la kuinukia. Mzee hulala kwa muda wa saa sita au saba, lakini usiku huohuo anageuka mara nyingi na anashuka kwenda chooni mara mbili au tatu, na kama anameza vidonge vya presha vile vya kukojosha, zaidi ya hapo. Godoro laini likimkumbatia, kila kugeuka ni kupanda mlima. Nguvu hana, anaacha, analala upande mmoja mpaka asubuhi, anaamka amekauka. Halafu mnasema baridi yabisi imezidi.

Nenda naye dukani. Si wewe umlalie. Alale chali, kisha ubavu wa kulia wenye nyonga mbovu, kisha wa kushoto, robo saa nzima bila haya. Akiwa ubavuni mwangalie kwa nyuma: uti wa mgongo uwe umenyooka, usiwe upinde. Kisha mwambie ainuke mwenyewe na wewe usimshike. Aweke mkono ukingoni asukume. Ukingo ukimezwa na mkono, achana nalo, hata liwe la dhahabu.

Na msimnunulie jiwe kwa kuambiwa eti gumu ndilo la mgongo. Madaktari wa Hispania walichapisha uchunguzi katika jarida la The Lancet mwaka 2003, watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya siku 90 waliopewa godoro la ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kuliko waliopewa gumu.

Jambo moja nisilifiche. Memori fomu inatawanya uzito, kwa hiyo mabega, nyonga na visigino haviumizwi sana. Lakini mgonjwa wa kulala kutwa bado ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, sponji haimgeuzi mtu. Na godoro haliponyi nyonga. Maumivu yakianza kumwamsha usiku wa manane, au miguu ikifa ganzi, mpeleke hospitali ya Bombo wampige picha.

CherehaniNgamiani

Shikamoo Nesi. Shikamooni wote.

Nimempima goti kwa futi kamba yangu ya kazini: inchi 17. Mama akadhani nampima gauni, akataka na kola.

Swali la aibu kidogo lakini nyumbani ni nyumbani. Mara mojamoja mkojo unamtangulia kabla hajafika mlangoni. Sufi tulikuwa tunaanika juani, yameisha. Hili nalo litaanikwa?

NiliuzaMagodoro

La hasha! Jua ni adui wa sponji. Linaigeuza njano, kisha inapukutika kama makapi. Sufi inapenda jua, inafura. Hii ipige upepo kivulini, ukutani, dirisha wazi. Na usiifue, ikinywa maji haikauki ndani.

NesiMstaafu

Marahaba. Wala si aibu, ni umri. Tafuta kava la kuzuia maji ambalo juu ni kitambaa, chini ndiyo kuna utando mwembamba. Usimtandikie nailoni ile ya mezani, atachemka na ngozi itaharibika. Juu yake shuka la pamba na khanga iliyokunjwa, khanga ikilowa unatoa hiyo tu. Na mwekee taa ndogo ya usiku na fimbo karibu, vitamsaidia kuliko inchi nne za ziada.

CherehaniNgamiani

Nimerudi dukani jana, nimeona niwape habari.

Nilimchukua mama kwa bajaji mpaka lile duka la kiyoyozi. Kavaa baibui la harusini, nadhani aliona tunakwenda kwa mtu mkubwa. Nikamwambia muuzaji, huyu ndiye mnunuzi. Akavua ndara, akapanda la inchi 12, kalala chali, kasema "Alhamdulillah". Moyo ukanidunda, nikaziona laki nane zinaondoka. Nikamwambia haya mama, inuka. Akaweka mkono ukingoni, mkono ukazama. Akajaribu wa pili. Akacheka, akasema hii ni sawasawa na kutoka kwenye tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa. Tulimtoa watu wawili.

Kulikuwa na la inchi 8 pembeni, memori inchi 2 na nusu juu, zipu ipo, nikafungua nikaona matabaka. Hilo alilala ubavu wa kulia mpaka nikahisi kasinzia. Muuzaji anakohoa, wateja wengine wanatuangalia, mimi namkumbuka Nesi: robo saa bila haya. Akainuka mwenyewe, mara ya pili tu. Kisha akamgeukia kijana: "Mwanangu, hili wewe mwenyewe unalilalia nyumbani?" Kijana kashindwa kujizuia, "Bibi, mimi nalala mkekani." Mama akasema basi angalau ni mkweli, punguza bei. Kapunguza.

Mzani nao tulipata, duka la mahindi mtaa wa pili. Kilo 21 juu ya alama. Mwenye duka kauliza kama siku hizi magodoro yanauzwa kwa debe. Laki sita na ishirini, kava nimelipata kwa hela iliyobaki, na FundiSamadari kaja mwenyewe (asante sana mzee, hukutaka hata ya soda). Chaga 14 na godoro 8 ni 22, akikaa linanywea kama inchi 2, inabaki 20. Kwa hiyo kakata miguu ya samadari inchi 2. Niliposikia msumeno unaingia kwenye mninga wa baba nilitoka nje, sikutaka kuona. Mama alibaki ndani anashikilia ubao.

Kaka kauliza inchi 12 ziko wapi. Mama kachukua simu, kamwambia, "Njoo ulilalie wewe, nyonga yako ikiwa kama yangu tutaongea."

CherehaniNgamiani

Wiki ya tatu leo.

Nisiwadanganye, nyonga ipo palepale, akipanda ngazi ya baraza bado anashika ukuta. Ila anageuka bila kuniita, na hilo shimo la katikati halimfuati tena. Usiku wa kwanza hakulalia, harufu ilikuwa kali, tuliliacha wazi siku mbili na madirisha. Wiki ya kwanza alilalamika mgongo unachemka. Nikachunguza, kumbe mke wangu kwa nia njema alitandika nailoni juu ya kava. Imetoka. Feni nimeishusha ipulize usawa wa kitanda badala ya kutoka juu batini, afadhali. Februari tutaonana nayo ikifika, sijui itakuwaje.

Kuna siku nilirudi kazini nikakuta yeye na mjukuu wameshaliburuta nusu ya njia kwenda uani, Ijumaa ile, siku yake ya kuanika. Nilipiga kelele mpaka jirani katoka.

Limebaki hili moja. Godoro la sufi hataki litupwe. Anataka sufi ichambuliwe upya, itolewe mito minne na kigodoro cha barazani. Nani anamjua mchambua sufi ambaye bado anafanya kazi hapa mjini? Mimi kitambaa nitashona mwenyewe, lakini sufi siiwezi, inanikaba kifua.

BahariaMstaafu

Yupo mzee mmoja Makorora, alinichambulia yangu mwaka juzi. Nenda asubuhi kabla ya upepo kuanza, baada ya hapo hafungui mfuko. Njoo kwangu kwanza nikuelekeze.

CherehaniNgamiani

Kesho nakwenda, nilifunge nyuma ya baiskeli. Mama kasema na yeye anakuja kwa bajaji, akae palepale mpaka mwisho, aone sufi yake haipungui.